Chuma Kinachofunga Mlango wa Jikoni

Mjimwema, Njombe
Jumapili, alasiri

Mwanangu Faraja,

Mambo ya shuka, chandarua na namna ya kuficha hela kwenye soksi mama yako ameshakueleza mara tatu, utadhani unakwenda vitani na si Dar es Salaam. Mimi sitaongeza hata moja. Ukisahau mswaki utanunua mwingine, na mtu akiniletea habari kwamba umesahau kula sitamwamini, kwa jinsi ninavyokujua.

Nimekaa hapa uani kwenye kigoda cha mama yako. Jua bado liko juu ya miti ya miwati ya jirani, nami naandika haraka kabla baridi haijanifukuza. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya begi lako, na nataka uisome leo, si kesho ndani ya treni. Kuna jambo ambalo ukilijua huenda usitake nikusindikize mpaka stesheni ya Makambako. Nataka uwe na nafasi ya kukataa.

Nianze na chuma kinachofunga mlango wetu wa jikoni. Umekiinua kila jioni tangu una miaka kumi, ukakilaza kwenye zile ndoano mbili za ukutani. Mara mbili kilikuangukia mguuni ukaniuliza kwa nini tusiweke kitasa kama watu wengine. Nilikujibu kwamba vitasa vya siku hizi vinaharibika haraka. Huo ulikuwa uongo, mwanangu. Niliweka chuma kile pale kwa sababu sikuweza kukitupa na sikuweza kumwonyesha mtu. Mlangoni hakuna anayekitazama. Kile ni nusu ya chuma cha Baba Mdogo Idi.

Huyu Idi unayekwenda kukaa kwake, mwalimu wako wa vyuma, unamfahamu kama mtu mwenye mguu uliopinda anayetembea akivuta upande. Mimi nilimfahamu akitembea vizuri. Wakati ule nilikuwa fundi wa matairi kwenye gereji ya Mzee Salehe pale Makambako, na kila Jumamosi nikirudi kwenu Njombe kwa lori lolote linalopita. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, na ghafla kila mwenye vijisenti akawa na lori bovu. Mitumba inateremka, viazi na mahindi vinapanda, matairi yanapasuka, sisi tunakula. Idi alikuwa fundi springi. Mtu wa Kondoa, mfupi, mpana kama kabati, anaswali swala zake tano na kati ya swala na swala anatania kila mtu. Akinitania mimi zaidi, kwa sababu ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nilimwambia Mlutheri hanywi, akaniambia basi Makambako nzima ina Mlutheri mmoja tu.

Nyuma ya gereji tulikuwa na uwanja wetu wa kunyanyulia vyuma. Uzito wetu ulikuwa madramu ya breki ya malori. Chuma chenyewe Idi alikipata kutoka kwenye mashine ya kupasulia mbao iliyokufa, shafti ndefu kuliko mtu mrefu, nyembamba kidogo, unene wa dole gumba. Alikipenda chuma kile. Alikipangusa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, nasi tukimcheka kwamba anakiogesha.

Wewe unajua kung'oa chuma: kiko chini, unainama, unakishika, unasimama nacho. Basi kwenye kung'oa hapakuwa na wa kunifikia pale gereji. Madramu manne kila upande nilisimama nayo kama mtu aliyeokota kofia. Wakaniita Winchi. Makuli wa viazi walikuwa wakija kutazama, na madereva wakipita barabarani wananipigia honi. Nikalipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa nalo. Usinicheke. Mtu akishapewa jina la sifa, huanza kuliogopa, maana kila asubuhi inabidi aamke akiwa mtu wa jina hilo.

Mei Mosi moja wafanyakazi wakaandaa michezo hapa Njombe: kuvuta kamba, kukimbiza kuku, na kung'oa chuma. Tulipakia madramu yetu wenyewe kwenye lori tukaja nayo. Chuma cha Idi hakikuenea kwenye lori pamoja na watu, kwa hiyo waandaaji wakatoa ekseli ya lori, fupi na nene. Niliona ni sawa. Madramu ni yaleyale, nikasema, uzito ni uleule.

Ulikuwepo siku hiyo, mgongoni mwa binamu yako mkubwa, mdomo umejaa mahindi ya kuchemsha. Sijui kama unakumbuka. Niliinama mbele ya watu wote wa Njombe, na mchungaji wetu yupo, na baba yake mama yako yupo, nikaishika ile ekseli, nikakurupuka nayo kama nilivyozoea. Haikutoka. Nikajaribu tena. Ilikuwa kama imeota mizizi. Ukapiga kelele, "Baba, inua!" Watu wakacheka kwa wema, kama watu wanavyomchekea mtoto, lakini mimi sikusikia wema wowote. Akaja Idi, akainama, akangoja kidogo, akasimama na madramu manne yaleyale.

Nilirudi Makambako nikiwa nimenuna. Nilitafuta mchawi, Faraja. Nilifikiri mpaka vitu vya aibu: kwamba Idi amepaka kitu mikononi, kwamba anajua dua fulani. Siku ya tatu akanishika bega akasema, "Bwana Winchi, njoo nikuonyeshe, usije ukafa na donge moyoni."

Akachana gazeti vipande vipande, akachomeka kipande chini ya kila dramu la chuma chetu kirefu. Akaniambia nivute polepole, nisikurupuke. Nikavuta. Alipiga magoti pembeni akijaribu kuchomoa makaratasi. Lile la dramu la ndani likatoka. Lile la dramu la nje likachanika, maana dramu bado limelala juu yake. "Simama hapohapo," akasema, kisha akapima kwa vidole pale mikono yangu ilipofikia. Vidole vinne.

"Umeona? Umeshapanda vidole vinne na mzigo wote haujaondoka chini. Chuma kinapinda, wewe unapanda, uzito unakuja kidogo kidogo. Mpaka wote uje, mgongo wako umeshaanza kunyooka. Ile ekseli haina huruma. Haipindi, kwa hiyo yote inakujia mara moja ukiwa bado umeinama."

"Kwa hiyo nguvu si zangu," nikasema.

"Wallahi nguvu ni zako. Ila umepewa ngazi. Kupanda ngazi si dhambi, ndugu yangu. Dhambi ni kusema umeruka."

Kisha akanieleza mengine, ambayo sasa ndiyo utakayomsikia akikufundisha: kwamba chuma kinachopinda hukivuti kwa pupa, kwa sababu kinarudi juu na chini na kukuyumbisha, kwamba unakivuta taratibu mpaka ulegevu wote uishe mkononi, ndipo unasukuma ardhi kwa miguu, kwamba kwenye chuma kigumu unashuka chini zaidi na kuuweka mgongo tayari tangu mwanzo. Alikuwa anajua vyote viwili. Alikuwa fundi springi, kazi yake ya kila siku ni kuangalia chuma kinavyopinda na kurudi.

Mimi nilisikia neno moja tu, ngazi. Nikaona kila sifa niliyopewa pale gereji ilikuwa ya chuma, si yangu. Mtu mwenye akili angeomba kufundishwa ekseli. Mimi nikaamua kwamba kosa ni la chuma, na kwamba chuma kitarekebishwa.

Idi akaenda Kondoa kwenye msiba wa mama yake. Akaniachia funguo za stoo. Nataka ukumbuke hilo: aliniachia funguo.

Unajua mjomba wangu wa Ipelele, marehemu, alikuwa mhunzi. Sisi tulikulia kwenye majembe yake. Tangu mdogo nilimwona akichoma jembe mpaka liwe jekundu, analitosa majini, linalia, na linatoka gumu kiasi cha kukata mzizi wa mti. Akilini mwangu hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya chuma chochote kilicho laini. Watu wa huku wote tungefikiri hivyo. Nikakichukua chuma cha Idi, nikakifunga juu ya lori la pareto linalopanda Makete, nikakipeleka Ipelele kwa mjomba. Abiria wakaniuliza kama ni nguzo ya kengele ya kanisa. Nikasema ndiyo. Ukishabeba uongo mkubwa, mdogo unadandia wenyewe.

"Kamwene, mpwa wangu," mjomba akanisalimu, akikigeuza geuza chuma. "Hiki ni cha kazi gani?"

"Cha kubebea mawe, Mjomba. Kinapinda mno. Nataka kiwe kigumu kama majembe yako."

"Jembe linagonga. Hiki kinabeba. Una hakika?"

"Nina hakika."

Alivuta kiko chake. Akasema, "Chuma kinachopinda kinakuonya. Kigumu kinakatika bila salamu." Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimetoka mjini, mimi ndiye nijuaye mambo ya malori, naye alikuwa mzee wa majembe. Akafanya nilichotaka. Tulichoma sehemu ya katikati, pale kinapopinda zaidi, ikawa nyekundu kama pilipili mbivu, tukaitosa kwenye hori la maji.

Niliporudi Makambako nilikisugua masizi kwa mchanga, nikakipaka oili chafu. Jioni hiyohiyo nikachomeka makaratasi chini ya madramu nikavuta. Vidole vinne. Vilevile kabisa, mwanangu, hakuna kilichobadilika. Chuma kilipinda kama jana na juzi. Nilijicheka. Nikasema moto wote ule na safari yote ile ni bure, hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna cha kumwambia Idi. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa ufundi aliyeleta tairi kuzibwa alinieleza bila kujua ananieleza nini. Alisema moto na maji ya ghafla havibadilishi namna chuma kinavyopinda. Vinabadilisha namna kinavyokatika. Nilimzibia tairi lake nikashindwa kupokea hela, akadhani mimi ni mkarimu.

Idi alirudi, nikamrudishia funguo. Wiki ya tatu, jioni, aliongeza dramu la tano kila upande. Nilikuwepo, nimesimama mbele yake. Alivuta taratibu kama kawaida yake, ulegevu ukaisha, chuma kikapita magoti. Mlio ulikuwa mfupi tu, kama mtu aliyepiga bati kwa jiwe. Chuma kilikatika katikati ya mikono yake. Upande wa kushoto ukashuka na madramu yote matano, ukamkuta chini ya goti.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu likavunjika la mwenzangu.

Watu walipomkimbilia, mimi nilitazama chuma. Mungu anisamehe, nilitazama chuma kwanza. Pale kilipokatika palikuwa na punjepunje kama chumvi ya mawe, tofauti kabisa na chuma chema. Nikaelewa papo hapo. Nikakitupia gunia juu. Kisha ndipo nikaenda kumshika Idi kichwa.

Hospitali, akiwa amelala mguu umefungwa, alinitazama akasema, "Chuma kimechoka, ndugu yangu. Hata chuma huchoka."

Nikasema, "Ndiyo. Kimechoka."

Maneno mawili tu. Ningeweza kuyasahihisha kesho yake. Ningeweza wiki iliyofuata. Sikuambii haya ili nikufundishe kwamba uongo ni mbaya, hilo ulifundishwa Sunday School na ulipata zawadi ya kalamu. Nakuambia jinsi ulivyokuwa kwangu. Nilifikiri utapungua kadiri siku zinavyopita, kama njaa inavyopungua ukiipuuza. Haukupungua. Kila nilipouacha siku moja, kesho yake ukweli ulihitaji pia maelezo ya kwa nini sikuusema jana. Mwishoni maelezo yakawa mengi kuliko ukweli wenyewe.

Mguu wa Idi uliunga vibaya. Hakuweza tena kulala chini ya lori kufunga springi. Akapanda lori kwenda Dar es Salaam, akawa mlinzi wa geti kiwandani, na watu walipogundua anavyojua vyuma wakampa timu yao ya wanyanyuaji. Akaniandikia barua, na kila barua aliulizia, "Faraja ananyanyua nini siku hizi? Ndoo?" Nilimjibu mistari miwili. Mama yako akaona mimi ni mtu wa kusahau marafiki, na mimi nikamwacha aamini hivyo. Vyuma sikuvigusa tena, na jina la Winchi lilikufa bila mazishi. Ile nusu ya kulia niliileta hapa nyumbani, ile ya kushoto ikaenda na wanunuzi wa chuma chakavu.

Kisha wewe. Hukufundishwa na mimi, hilo lazima niliseme, maana watu wananipongeza barabarani. Ulikuwa na miaka kumi na minne nilipokukuta nyuma ya stoo ya viazi ya mama yako umefunga madumu ya maji kwenye ncha mbili za mwanzi, unainama unang'oa. Nilisimama nyuma ya ukuta. Mwanzi ukapinda, wewe ukangoja, mwanzi ukapinda mpaka mwisho, ndipo wewe ukasimama. Nikakuuliza nani amekufundisha kungoja. Ukasema, "Mwanzi wenyewe, Baba. Nikikurupuka maji yanamwagika."

Niliondoka pale nikaenda kulia chooni. Kitu nilichoelezwa kwa gazeti na vidole nikakikataa, wewe ulikipata kwa madumu yasiyo na vifuniko. Sijawahi kukuambia kwamba nilijivunia. Nilikuambia utavunja mwanzi wa watu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikupenda, kwa kukurupuka, na mengi yalimwagika. Siku ile ya matokeo yako ya kidato cha pili nilikurukia kwa maneno kabla sijakusikiliza, ukakaa wiki nzima huniiti. Sikusahau ile wiki.

Mwaka jana timu ya kiwanda ilipopita Makambako kuonyesha michezo, ukajitosa uwanjani na sketi yako juu ya suruali ya michezo, ukaomba kujaribu. Ulikuja nyumbani unaruka ruka: mwalimu wao, mwenye mguu mbovu, amekuuliza wewe ni mtoto wa nani, ukamtajia, naye akasema, "Kumbe," kisha akacheka, akasema kesho anakuja Njombe kunisalimia. Unakumbuka nilikwenda Igwachanya ghafla, nikadai nimeitwa kuangalia tairi za trekta? Hakukuwa na trekta. Nilishinda siku nzima kwenye kibanda cha chai, nikanywa chai mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nimefiwa. Huku nyumbani Idi alikaa jikoni kwetu, akala viazi vya mama yako, akaahidi kukuombea nafasi kwenye timu. Na alipoondoka jioni, mama yako ameniambia, ni Idi mwenyewe aliyemsaidia kuinua kile chuma mlangoni ili apite.

Alikishika mkononi, Faraja. Hakujua amekishika nini, au alijua. Mwaka mzima nimelala na swali hilo.

Mwezi uliopita barua yake ilipokuja kwamba nafasi yako imepatikana, kwamba kiwanda kina wenyewe wapya lakini timu hawakuivunja, na kwamba utakaa kwake kama mwanawe, nilijua siwezi tena. Ningeweza kunyamaza mpaka ukae vizuri, uzoeleke, upate kazi. Nilipiga hesabu hiyo, sikufichi. Lakini akilini nilikuona ukila chakula cha mtu yule kila siku, ukimwita baba, ukimshukuru kwa kukufundisha chuma, nawe hujui nilichomtendea. Hapo ningekuwa nimekukabidhi uongo wangu uubebe bila kukuuliza.

Kwanza nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya viazi. Hakupandisha sauti. Alitazama mlango, akasema, "Kumbe miaka yote hii nafunga nyumba yangu kwa mguu wa mtu." Akaendelea kumenya. Tangu siku hiyo mlango anaufunga kwa kamba, nawe uliuliza kwa nini, akakuambia chuma kizito na yeye anazeeka. Naye amelazimika kudanganya kwa ajili yangu, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Kisha nikamwandikia Idi. Nilieleza yote: Ipelele, hori la maji, oili chafu, gunia. Sikuweka methali wala mstari wa Biblia. Nikamwambia kama hataki mtoto wangu nyumbani kwake, aseme tu, na lawama iwe juu yangu mbele yako. Barua nikampa dereva anayeaminika. Nikakata tiketi mbili za treni, yako na yangu, kwa sababu nilitaka nikasimame mbele yake mwenyewe. Wiki tatu hakuna jibu. Wewe ulikuwa unafua nguo na kuimba, mimi nikihesabu malori. Mara tatu nilitaka kukuambia usifungashe. Kama ungeikosa nafasi hii, ungeikosa kwa moto niliouwasha mimi, na ukweli nilioutoa mimi, na sijui lipi kati ya hayo ungenisamehe.

Jibu limefika leo mchana, tulipotoka kanisani. Dereva alinipa karatasi iliyokatwa kwenye mfuko wa saruji, imekunjwa mara nne. Ndani imeandikwa hivi:

"Faraja aje. Mke wangu ameshamtandikia. Wewe usije bado."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina. Yeye ambaye hawezi kuandika barua bila kunitania.

Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo mistari yake. Mwanzoni niliumia, nisiseme uongo. Nilitaka niende hivyohivyo, nipige magoti mlangoni pake mbele ya majirani, yaishe. Mama yako akanitazama akasema, "Yaishe kwa nani?" Nikakaa chini. Tiketi yangu nimeiacha juu ya kabati, utaiona, mama yako ameweka chupa ya mafuta juu yake.

Kwa hiyo kesho, ukikubali, nitakubebea begi mpaka ndani ya behewa, halafu nitashuka. Ukikataa, mama yako atakupeleka, mimi nitabaki hapa na sitakuuliza sababu, wala sitakupenda pungufu.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Ukifika kwake usiniombee msamaha. Najua moyo wako, utataka kumpikia, kumwoshea nguo, kumpoza kwa ajili yangu. Usifanye. Ile kazi si yako. Wewe umekwenda kujifunza chuma. Kama akitaka kunisema vibaya mbele yako, msikilize, kwa sababu ana haki, na usinitetee. Kama hataki kunitaja kabisa, usinitaje. Umheshimu kama baba, ukosee mbele yake, umwulize maswali yako yote yasiyoisha. Na siku ya kwanza atakaposimama nyuma yako na ule mguu wake, akakuwekea uzito ambao hujawahi kuugusa, inama, ushike, unyanyue. Hicho tu ndicho nitakachofurahi kusikia.

Mimi hapa nina kazi yangu. Neno aliloandika ni bado. Miaka ile ningelikurupukia, kama nilivyoikurupukia ile ekseli ukinipigia kelele. Sasa nimekwisha kuinama, mwanangu, na mikono yangu iko kwenye chuma. Navuta taratibu. Kama mzigo utaondoka chini au hautaondoka, Idi ndiye atakayesema, nami nitangoja nikiwa nimeinama hivihivi, hata kama ni miaka.

Jua limeshuka, vidole vimekufa ganzi. Mlango wa jikoni leo uufunge kwa kamba.

Baba yako